Nyumba njema si mlango: filamu tatu za Dieudo Hamadi na kipimo cha taifa

Kiswahili kilipofika huku kwetu kwenye mto pamoja na misafara ya akina Tippu Tip, hakikufika mikono mitupu. Kilibeba methali zake, na moja tuliipokea bila kubadilisha hata neno: nyumba njema si mlango. Mwenye kujenga anaweza kupaka mlango rangi, kuweka kitasa cha kung'aa, hata kupanda maua mbele ya barza. Mpita njia atasifu. Lakini mgeni aliyeitwa kula, yule anaingia ndani, anakaa, anaona sahani za watoto zina nini, anaona kama bibi mzee wa nyumba yuko na blanketi usiku. Huyo ndiye anaweza kutoka na kusema: nyumba ile ni njema, ama: nyumba ile ni mlango tu.

Katika kijitabu hiki wenzetu wanaandika juu ya ngoma za Walokele, juu ya ndoa, juu ya nyavu na vikapu vya Wagenia. Sisi tuliombwa kusema kitu juu ya kazi za sanaa za siku hizi, na tulichagua filamu tatu za mtoto wa mji wetu, Dieudo Hamadi, aliyezaliwa hapa Kisangani mwaka 1984. Ya kwanza inaitwa Examen d'État, yaani mtihani wa serikali, ya mwaka 2014. Ya pili ni Maman Colonelle, ya 2017. Ya tatu ni En route pour le milliard, njiani kutafuta miliari, ya 2020. Amepiga nyingine pia, kama Kinshasa Makambo ya 2018, lakini hizi tatu zimetoka katika mitaa yetu. Na tutasema wazi tangu mwanzo: kwa maoni yetu, filamu hizi zinafanya kazi ya yule mgeni anayeingia ndani. Ziko na makosa yao, tutayasema pia. Lakini wachache wameingia.

Kamera si kitu kipya Kisangani. Mwaka 1951 Waamerika na Waingereza walikuja kupiga The African Queen, sehemu moja kwenye mto Ruiki karibu na Ponthierville, leo Ubundu. Mwaka 1958 wengine walikuja Stanleyville, jina la mji wetu wakati ule, kupiga The Nun's Story, iliyoonyeshwa mwaka uliofuata. Mto ni mzuri ndani ya filamu zile, nani atakataa? Lakini mtu mweusi pale anabeba mzigo, anapiga kasia, anaugua, anashukuru. Hatujui anakula nini akirudi kwake. Baadaye alikuja V. S. Naipaul na kitabu chake cha 1979, A Bend in the River. Mji hautajwi jina, lakini mtu wa hapa akifungua kurasa chache tu anajua ni mji gani. Naipaul alikuwa na jicho kali, hatumnyimi sifa hiyo. Hofu ya miaka ya Mobutu aliiona vizuri. Tatizo ni kwamba alisimama nyuma ya meza ya duka. Kutoka nyuma ya meza ya duka unamwona mteja, humwoni baba, humwoni mama. Chungu cha mwenyeji hakifunguliwi hata mara moja.

Na sisi wenyewe, viongozi wetu walipenda mlango. Mwaka 1974 timu ya Zaïre ilikwenda Kombe la Dunia huko Ujerumani, na tarehe 30 Oktoba ya mwaka ule ule Ali na Foreman walipigana Kinshasa. Dunia nzima ilitazama. Hatusemi mchezo ni mbaya, hapana. Hata leo ukitaja Ndaye Mulamba na magoli yake 9 ya Kombe la Afrika la 1974, wazee wanasimama kwenye viti. Lakini miezi 11 tu kabla ya ngumi zile, tarehe 30 Novemba 1973, ilitangazwa ile zairianisation, maduka ya wageni yakapewa watu waliojulikana na chama. Wazazi wetu wanasimulia namna rafu zilivyokauka: leo hakuna sabuni, kesho hakuna chumvi, keshokutwa mwenye duka mpya ameuza hata rafu. Mwaka mmoja, mlango unang'aa na jikoni moto unazimika. Ndiyo maana tunasema swali hili si la leo.

Leo mlango umekuwa wa tarakimu. Tunasikia redioni kwamba Kongo inatoa karibu asilimia 70 ya kobalti ya dunia, kwamba katika shaba tumepita nchi nyingi, kwamba uchumi unakua. Ni kweli, hatubishi. Lakini Benki ya Dunia yenyewe, ambayo si adui wa tarakimu, ilikadiria kwamba mwaka 2024 Wakongomani 73 na nusu katika kila 100 waliishi chini ya dola 2 na senti 15 kwa siku. Hapa Kisangani tuna bwawa la umeme la Tshopo tangu miaka ya 1950, maji yanaanguka usiku na mchana bila kuomba mshahara, na mwanafunzi wa Mangobo anasoma na tochi ya simu. Sasa tarakimu gani ndiyo taifa? Ile ya kobalti ama ile ya tochi?

Wazee wetu hawakuwa na tarakimu, lakini walikuwa na kipimo. Tulipokuwa watoto tulisikia kwenye barza namna walivyosema juu ya chifu ama mkubwa wa ukoo. Hawakuuliza kwanza ana mitumbwi mingapi. Waliuliza: mjane wa ndugu yake, nyumba yake inavuja? Yatima wa pale wanakula wa kwanza ama wa mwisho? Akija mgonjwa usiku, nani anaamka? Kama majibu yalikuwa mabaya, hata akivaa ngozi ya chui wazee walitikisa kichwa na kusema: ule ni ukubwa wa kofia. Hatutaki kupamba zamani. Zamani ilikuwa na utumwa wake, ilikuwa na wanawake waliorithiwa kama vyombo, ilikuwa na watu waliokunywa sumu ya kuapizwa. Lakini kipimo chenyewe kilikuwa sawa: kinaanzia kwa aliye chini kabisa na kupanda juu. Wachumi wanaanzia juu na mara nyingi hawafiki chini.

Tuje sasa kwa filamu.

Examen d'État inatuhusu sisi walimu kabisa, na tuliitazama na roho inayodunda. Ni wanafunzi wa mwaka wa 6 hapa Kisangani wanaojitayarisha kwa Exetat. Wengine wanatolewa darasani juu ya primu, ile pesa ambayo wazazi wanatoa kwa mwalimu. Hawana pesa, basi wanakusanyika katika nyumba moja, ile ambayo vijana wetu wanaita maki, wanalala pale, wanapika pale, wanasoma pale usiku kucha. Mmoja anabeba mizigo sokoni ili apate kitu. Wanaombewa, kalamu zao zinabarikiwa, na pia wanatafuta njia za pembeni, sababu katika mtihani ule kila mtu anajua kuna mlango wa mbele na mlango wa nyuma. Hamadi haongei. Hakuna sauti ya mtu kueleza, hakuna muziki wa kutuambia tulie sasa. Kamera iko karibu sana na nyuso, mpaka unahisi joto la chumba. Tulipenda hasa namna anavyokaa na vijana bila kuwacheka. Mtu mwingine angepiga kalamu zile zinazobarikiwa na kumfanya mtazamaji wa Ulaya atabasamu. Yeye anatuonyesha kwamba mtoto aliyeachwa na shule, na serikali, na mfuko wa baba, atashika kila kamba anayoiona, ya Mungu ama ya mwizi wa maswali. Huo si ujinga. Ni hesabu ya mtu anayezama.

Lakini hapa tuna neno. Katika filamu hii mwalimu ni mkono unaodai. Anaingia, anasoma majina, anatoa watoto nje. Hatumwoni nyumbani kwake. Na ukweli ni kwamba primu haikuzaliwa na tamaa ya walimu: ilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali ilipoacha kabisa kulipa, shule zikawa karibu kufungwa, na wazazi pamoja na wenye shule za madhehebu wakakubaliana wabebe mzigo kwa muda. Ule muda umekuwa maisha. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 43, inasema shule ya msingi ni bure na ya lazima; ilianza kutekelezwa kweli mwezi wa 9 wa 2019, na wazazi wa wadogo walipumua. Sekondari haikuguswa. Kwa hiyo mwalimu wa sekondari bado anasimama kati ya mtoto na mshahara wake, na hiyo ni aibu ambayo haikutengenezwa naye. Kama kipimo cha filamu ni kuingia ndani ya nyumba, basi nyumba ya mwalimu nayo ina ndani. Tungependa tuone lituma inagawanywa mara ngapi pale. Mtu atatuambia: mnajitetea. Ndiyo, na tunafanya hivyo kwa kipimo kile kile cha filamu.

Juu ya Maman Colonelle tutasema machache. Ni filamu juu ya kanali wa polisi, Honorine Munyole, wa kikosi cha kulinda wanawake na watoto, anayehamishwa kutoka Bukavu kuletwa Kisangani. Hapa anakuta watoto walioitwa wachawi na kuteswa, na anakuta kina mama wa vita ya 2000, waliobakwa, waliopoteza waume, ambao kwa miaka zaidi ya 15 hakuna ofisi iliyowaandika jina. Yeye mwenyewe hana vitu. Anaomba watu wa kawaida wachange. Wako watazamaji waliofurahi kupata shujaa, na mama yule anastahili heshima yote. Lakini sisi filamu hii ilituuma. Afisa wa serikali, na kofia na cheo, anaomba msaada kwa wauza mihogo ili serikali ifanye kazi yake! Katika kijiji, chifu akianza kukopa chumvi kwa mjane, watu wanajua utawala umefika wapi.

Basi tunafika kwenye ile ya tatu, En route pour le milliard, ambayo kwa maoni yetu ni kubwa kuliko zote mbili.

Vijana wengi wanaosoma kijitabu hiki hawakuwa wamezaliwa, kwa hiyo tukumbushe. Majeshi ya Rwanda na Uganda, yaliyoingia nchini kwetu mwaka 1998 kama marafiki, yalipigana wao kwa wao ndani ya mji wetu mara tatu: Agosti 1999, Mei 2000, na mara ya tatu kuanzia tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000. Hiyo ndiyo vita ya siku sita. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliokuja baadaye uliandika: zaidi ya raia 760 wamekufa, karibu 1,700 wamejeruhiwa, zaidi ya nyumba 4,000 zimeharibika, watu 65,000 wamekimbilia msituni, na shule 69 zimepigwa na mabomu. Wengine wanahesabu wafu zaidi ya 1,000. Angalieni ile hesabu ya shule. Mji mmoja, siku sita, shule 69. Wageni wawili waligombana sebuleni kwa mwenyeji, na aliyekatwa mguu ni mwenyeji.

Filamu inafuata wale waliokatwa mguu, ama mkono. Hamadi hakwenda kwenye kumbukumbu za vita wala kwa majenerali. Aliwafuata wahanga wenyewe, na chama chao, miaka karibu 18 baada ya mabomu, wakiamua kushuka mto mpaka Kinshasa kudai fidia yao. Ile miliari ya jina la filamu ni dola ambazo watu walisikia zinakuja, zinakuja, mpaka neno lenyewe likawa kama jina la mzimu. Kilomita 1,734 za maji. Wanapanda chombo kilichojaa watu, mifugo, magunia na vyungu. Mvua inawapiga, wanashika turubai kwa mikono, na asiye na mikono miwili anashika kwa mmoja. Miguu ya bandia imewekwa pembeni kama viatu.

Sehemu ya chombo ni ndefu, na tumesikia watu wanalalamika kwamba inachosha. Sisi tunasema acheni ichoshe. Mtu aliyesafiri mto huu anajua: safari ndiyo hotuba yenyewe. Katika chombo kile unaona nchi yote bila mtu kukueleza. Serikali haipo, lakini sheria iko: nani analala wapi, nani anapika kwanza, nani anampa nani chumvi. Watu wanagombana juu ya nafasi ya kuweka mkeka, halafu wanakula pamoja. Yule asiye na miguu anapitishwa juu ya mizigo kwa mikono ya watu asiowajua. Kama kuna mahali katika filamu hizi tatu ambapo taifa limefaulu, ni pale kwenye sitaha, chini ya turubai lenye matundu. Na taifa hilo halina bendera wala bajeti.

Halafu Kinshasa. Palais du Peuple, jumba la bunge lililojengwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1970, ngazi zake pana, nguzo zake ndefu. Wahanga wa Kisangani wako nje. Mbele ya mlango! Methali yetu imepigwa picha bila mpigaji kuijua, labda. Watu waliochaguliwa kwa kura wako ndani, waliopiga kura wako kwenye mvua, na kati yao kuna geti na askari anayesema subiri.

Kuna kitu kingine ambacho wakosoaji fulani hawakukipenda: kati ya safari Hamadi anaingiza vipande vya mchezo wa jukwaani, wahanga wenyewe wakiigiza na kuimba maumivu yao mbele ya giza. Walisema inavunja ukweli wa filamu. Hapo tunapingana nao kabisa. Watu wetu hawajawahi kusimulia jambo zito kwa kulieleza tu. Kilio kina wimbo, kesi ya barza ina mtu anayesimama na kuigiza namna mwenzake alivyompiga, na mzee wa Kilokele akipiga ngoma ya kupasha habari hatumi neno moja kavu, anatuma sentensi ndefu yenye sifa na majina ndani yake. Pale jukwaani wale watu si wahanga wa kuhurumiwa. Wanachagua wao wenyewe waonekane namna gani. Katika chombo kamera inawatazama. Jukwaani wao wanatutazama sisi. Tofauti hiyo ni kubwa, na bila vile vipande filamu ingebaki orodha ya mateso.

Lakini kosa lake lipo, na si dogo. Mtu asiyejua historia anaweza kutazama mpaka mwisho asielewe vizuri nani alirusha mabomu na juu ya nini. Rwanda na Uganda ziko mbali kama radi ya kijiji kingine. Almasi na mbao za mji huu, ambazo wale majenerali waligombania, hazionekani. Tunaelewa kwamba Hamadi hapendi kueleza, ni njia yake. Ila kwa jambo hili, kunyamaza kunamsaidia aliyefanya. Mtazamaji wa nje ataona Waafrika wanateseka na Waafrika wenye serikali mbaya, basi, hadithi aliyoizoea. Sentensi tatu mwanzoni zingetosha.

Na sheria ilikuwa na mengi ya kusema. Tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko La Haye iliamua kwamba Uganda ina hatia na inapaswa kulipa. Kesi dhidi ya Rwanda ilikataliwa Februari 2006, sababu mahakama ilisema haina mamlaka juu yake. Kwa hiyo katika vita ya watu wawili, mmoja tu alihukumiwa. Miaka ikapita. Filamu ilikuwa imekwisha kutoka, na tarehe 9 Februari 2022 mahakama ikataja hesabu: dola miliyoni 325, kati yake 225 juu ya watu, 40 juu ya mali, 60 juu ya utajiri wa ardhi, kulipwa miliyoni 65 kila mwaka kwa miaka 5. Haikuwa miliari. Lakini Uganda ilianza kulipa mwezi wa 9 wa 2022, na serikali yetu ilikuwa na mfuko wake wa fidia, FRIVAO, wenye makao hapa hapa Kisangani.

Hapo ndipo tungependa filamu ya nne. Sababu pesa ilipofika, swali la Palais du Peuple lilihamia kwetu. Orodha za wahanga zikaanza kubishaniwa, nani wa kweli, nani ameingizwa. Na Septemba 2025 Mahakama ya Kasasyo ilimhukumu aliyekuwa waziri wa sheria miaka 3 ya kazi za lazima juu ya dola karibu miliyoni 19 zilizotoka katika pesa hizo za fidia, kwa mradi wa kujenga gereza, tena gereza la Kisangani. Yeye alikana. Hatutaki kurudia kesi hapa, imekwisha kuamuliwa na wenye kazi hiyo. Tunatazama tu ule mradi kwa jicho la barza. Watu waliovunjiwa nyumba 4,000 na shule 69, pesa yao ya kwanza kubwa inapangiwa gereza. Hata kama kila dola ingekwenda mahali pake na gereza likasimama, zuri, lenye rangi, mjane angeuliza: na nyumba yangu?

Tuseme pia jambo linalotusumbua juu ya utukufu wa filamu zenyewe. Mwaka 2020 En route pour le milliard ilichaguliwa katika orodha rasmi ya Cannes, ingawa tamasha lenyewe halikufanyika kwa kawaida juu ya korona. Tulifurahi. Kwenye mitaa watu walisema: Kongo imeingia Cannes! Lakini tazameni mtego ulipo. Filamu inayotuonyesha ndani ya nyumba inaweza kugeuka nayo kuwa kitasa cha kung'aa. Mkubwa fulani atapiga picha na bango lake, atasema utamaduni wetu unastawi, na wale walioko ndani ya bango watabaki na miguu ya bandia ile ile. Hiyo si lawama kwa Hamadi. Ni hatari inayokaa na kila kazi nzuri. Dawa yake tunayoijua ni moja: filamu zionyeshwe hapa, kwa watu wake, Lubunga ng'ambo ya mto, Kabondo, Mangobo, kwenye shuka jeupe na jenereta ya kukodi, na watu wabishane usiku ule ule. Kisangani haina sinema ya maana leo. Kumbi zilizokuwapo zimekuwa makanisa na maghala. Kwa hiyo wengi wa wale wanaotajwa katika filamu hizi hawajaziona, ama wameona vipande kwenye simu ya mtoto wa jirani.

Na tukizionyesha, tusiwaache wale wapya. Tangu 2023 ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola umeleta watu wengine waliokimbia mpaka ndani ya mji wetu, wakalala chini ya maturubai, na safari hii hakuna mgeni wa kulaumiwa. Shuka jeupe linaweza kufungwa kati ya miti pale pia.

Wanafunzi wetu wa mwaka wa 5 tuliwaonyesha sehemu ya chombo tu, dakika kama 20, sababu betri haikuruhusu zaidi. Tulitegemea maswali juu ya vita, na tulikuwa tumeandika ubaoni tarehe zote. Swali la kwanza lilitoka kwa msichana aliyekaa nyuma: tikiti ya kushuka Kinshasa ilikuwa bei gani, na nani alilipa? Wa pili akauliza kama walikula kila siku. Wa tatu, ambaye baba yake anaendesha toleka, aliuliza kama walirudi kwa chombo kile kile, na kama mtu aliwapokea bandarini. Tulifuta tarehe kwanza, tukaanza kuhesabu ubaoni bei ya safari: mtu mmoja, halafu wote, kwenda na kurudi, na kwanga za njiani. Kengele ilipolia tulikuwa bado kwenye chakula.